JANI LA MANYOYA: LITAZAME KABLA YA KULICHEMSHA

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, toka nje kidogo. Nenda nyuma ya jiko, au ukingoni mwa shamba, au kando ya njia iendayo kisimani. Tafuta majani yaliyoota yenyewe, ambayo hakuna mtu aliyeyapanda. Yapapase moja moja kwa vidole. Utaona kwamba mengine yanateleza kama jani la mgomba. Mengine yanakwaruza. Na mengine, ukiyashika, ni kama umeshika kipande cha blanketi. Hayo ndiyo majani ya manyoya.

Manyoya yenyewe si ya aina moja. Kuna yale marefu na meupe kama pamba. Kuna mengine mafupi sana, kama malaika ya mwilini mwa mtoto mchanga. Hayo huwezi kuyaona mpaka uliinue jani na kulitazama dhidi ya jua.

Leo tunazungumza juu ya mimea hiyo. Tunaizungumza katika ukurasa wa afya, si katika ukurasa wa kilimo, kwa sababu mimea mingi ya manyoya huingia katika vyungu vyetu. Mingine huingia kama mboga. Mingine huingia kama dawa. Na mingine huingia kwa makosa.

Tuseme ni jioni. Mtoto mdogo ana homa. Bibi anamwita mjukuu wake wa miaka 8 na kumwambia, "Kimbia nyuma ya banda la mbuzi, uniletee lile jani lenye manyoya meupe." Mtoto anakimbia. Nyuma ya banda pana mimea mitatu yenye manyoya meupe. Bibi anaijua vizuri ile anayoitaka, kwa maana ameichuma tangu utoto wake. Lakini mjukuu haijui. Giza linaingia. Anachuma konzi moja na kurudi mbio. Macho ya bibi hayaoni vizuri usiku, maji yameshachemka, na mgonjwa analia. Majani yanatiwa chunguni.

Bibi hakufanya ubaya. Alitaka kumsaidia mtoto. Kosa liko katika yale maneno "lile lenye manyoya". Manyoya peke yake hayatoshi kuutambulisha mmea, kama vile mvi peke yake zisivyotosha kumtambulisha mzee. Ukimwambia mgeni, "Nenda kwa yule mzee mwenye mvi," ataingia nyumba ngapi?

KWANZA, MANYOYA NI YA KAZI GANI?

Mmea hauvai manyoya kwa ajili ya pambo. Manyoya huukinga na jua kali. Rangi yake nyeupe hurudisha mwanga, nalo jani halipati joto sana. Tena manyoya huzuia upepo kugusa ngozi ya jani, na kwa hiyo maji hayapotei upesi. Ndiyo maana utaikuta mimea mingi ya manyoya mahali pakavu, penye mchanga au mawe, na utaona kwamba wakati wa kiangazi inabaki hai wakati majani laini yamenyauka.

Manyoya hukinga baridi pia. Wale waliowahi kupanda Mlima Kilimanjaro wameona jambo hili. Juu ya msitu, mchana jua linachoma na usiku maji yanaganda. Huko kuna maua madogo makavu kama karatasi, ambayo hata yakichumwa hayanyauki upesi, na majani yake yamefunikwa na manyoya meupe. Mmea umejifunika shuka.

Kazi nyingine ni kujilinda na walaji. Mdudu mdogo akitembea juu ya jani la manyoya ni kama mtu anayepita katika majani marefu ya mwituni: anachoka kabla hajafika. Na baadhi ya manyoya si manyoya tu. Kila unywele una kifuko kidogo kwenye ncha yake, na ndani ya kifuko hicho mna mafuta, au gundi, au kitu kikali. Shika jani bichi la tumbaku, kisha tazama vidole vyako. Vinanata. Gundi hiyo imetoka kwenye manyoya. Fikicha jani la kivumbasi, nawe utasikia harufu kali. Harufu hiyo nayo imetoka katika vifuko vidogo vilivyopasuka mkononi mwako.

Kumbuka jambo hili la vifuko. Tutalirudia tukifika kwenye malaria.

NDULELE

Tuanze na mmea ambao karibu kila kijiji kinao. Wengine huuita ndulele, wengine mtula, na watu wa pwani huuita mtunguja. Huota kwenye malisho, kando ya barabara na mahali palipowahi kuwa na mazizi. Watoto huchezea matunda yake kama mipira.

Utazame kwa makini. Jani lake ni pana, na ukingo wake una mawimbi. Upande wa juu ni kijani chenye ukungu. Geuza upande wa chini: ni mweupe. Ukipata kioo cha kukuzia, kama kile wanachotumia mafundi saa, utaona jambo la ajabu. Kila unywele umegawanyika kama nyota. Jani zima limejaa nyota ndogo zilizolaliana. Majani yanakaa kwenye shina kwa kupishana, moja upande huu, jingine upande ule.

Sasa tafuta miiba. Huwa kwenye shina, na mara nyingi hata juu ya mshipa wa katikati ya jani. Lakini usiitegemee miiba peke yake, maana ndulele nyingine zina miiba michache sana, hasa zikiwa changa. Ua ni la zambarau, na katikati yake kuna vijiti vya manjano vilivyosimama pamoja. Tunda changa ni la kijani lenye mabaka meupe. Likikomaa huwa la manjano, ukubwa wake kama ndimu ndogo, na likikauka huwa kahawia au jeusi. Ndani mna mbegu nyingi bapa.

Je, ua hilo na mbegu hizo hazikukumbushi kitu? Ni ndugu wa bilinganya na nyanya chungu. Ukiweka ua la ndulele karibu na ua la bilinganya utaona undugu huo waziwazi. Wataalamu wa mimea huutafuta undugu katika ua na tunda, si katika manyoya, na wanafanya hivyo kwa sababu nzuri. Jani hubadilika. Kwenye kivuli jani la ndulele huwa kubwa na la kijani zaidi. Kwenye jua kali huwa dogo na jeupe zaidi. Lakini ua halibadiliki.

Undugu na bilinganya usikudanganye. Tunda la ndulele lina sumu. Ni chungu sana likiwa bichi, na uchungu huo ni onyo. Mtu aliyekula hupata maumivu ya tumbo, hutapika na kuharisha. Sumu ikiwa nyingi, mgonjwa hulegea, husinzia, na huweza kupoteza fahamu. Mbuzi na kondoo nao hudhurika wakila matunda haya, na wafugaji wengi wanalijua hilo.

Utasema, "Lakini mzizi wa ndulele ni dawa. Babu yangu aliutafuna kwa ajili ya jino." Ni kweli kwamba katika sehemu nyingi za nchi watu huutumia mzizi wa ndulele kwa jino au kwa tumbo. Hatubishani na hilo. Tunasema kwamba babu alijua kipande gani cha kutafuna, na alikuwa mtu mzima wa kilo 60. Mtoto wa kilo 10 akinywa kikombe kilichochemshwa kwa matunda na majani ya mmea huohuo, hajapewa dawa ya babu. Amepewa kitu kingine.

KINONGO

Sasa tafuta mmea mwingine, mdogo na mpole. Hutambaa au husimama chini ya goti au juu yake kidogo. Majani yake ni madogo, mengi hayazidi urefu wa kidole gumba, na upande wa chini yana manyoya meupe. Katika kila pembe, pale jani linapokutana na shina, kuna kishada kidogo cheupe kama kipande cha pamba kilichokwama. Hayo ndiyo maua yake. Ni madogo mno, nawe unaweza kupita ukidhani ni uchafu tu wa pamba. Mmea huu hauna mwiba hata mmoja. Watu wa pwani wengine huuita kinongo. Huko kwako huenda una jina jingine.

Kinongo ni wa ukoo wa mchicha. Chukua mche wa mchicha uliokwisha toa maua, uulinganishe nao. Majani yanapishana kama ya kinongo, na maua yake pia ni madogo, yamesongamana, hayana majani ya rangi ya kupendeza. Tofauti ni hiyo pamba. Katika sehemu mbalimbali za Afrika majani yake huliwa kama mboga. Huko Sri Lanka na India mmea huohuo huchemshwa na kunywewa, na watu huutumia ili kukojoa vizuri.

Basi rudi nyuma ya lile banda la mbuzi. Kinongo kiko hapo. Ndulele change, ambayo bado haina ua, tunda wala miiba mingi, nayo iko hapo. Yote miwili ina majani yanayopishana na upande wa chini mweupe wenye manyoya. Mtu mzima mchana atatofautisha kwa ukubwa wa jani na kwa ile pamba ya pembeni. Mtoto wakati wa magharibi, je?

JINA MOJA, MIMEA MIWILI

Wataalamu wa mimea ya dunia nzima hutumia majina ya Kilatini, ili Mchina, Mhindi na Mtanzania waelewane. Kinongo kwa jina hilo ni Aerva lanata. Neno la pili, "lanata", maana yake ni "yenye sufu". Walioutaja hivyo waliona manyoya yale unayoyaona wewe.

Lakini kuna mmea mwingine unaoitwa Digitalis lanata. Neno la pili ni lilelile: yenye sufu. Mmea huu hauoti katika mbuga zetu. Asili yake ni kusini mashariki ya Ulaya. Maua yake ni kama vikombe vidogo vilivyopangwa kwenye mlingoti mrefu, na kishada hicho cha maua kina manyoya. Mmea huu una kitu kinachogusa moyo wa mtu. Mwaka 1930 mkemia wa Uingereza, Sydney Smith, alikitoa kitu hicho ndani ya majani yake na kukiita digoksini. Hospitali zinakitumia mpaka leo kwa wagonjwa wa moyo.

Je, mgonjwa hupewa kiasi gani? Kidonge cha kawaida kina robo ya miligramu. Chukua gramu 1 ya chumvi, yaani chumvi kidogo tu ya kushika kwa ncha za vidole. Igawe mafungu 4,000. Fungu moja ndicho kipimo cha kidonge kimoja. Kikizidi sana, moyo unaweza kusimama. Na mtu anayechemsha majani nyumbani hawezi kukipima.

Majina mawili yana sufu. Mmoja ni ndugu wa mchicha. Mwingine husimamisha moyo.

PAKANGA NA HOMA YA MALARIA

Wasomaji wa Biblia wanalijua neno pakanga, kwa maana limetajwa humo kuwa kitu kichungu. Pakanga ya kwetu huota kwenye nyanda za juu, kama vile Kilimanjaro, na huweza kumzidi mtu kimo. Jani lake limechanika vipande vyembamba vingi, kama jani la karoti. Rangi yake ni kijivu, kwa sababu ya malaika meupe yaliyoufunika upande wa chini. Maua ni vifungo vidogo vya manjano vilivyoinamisha vichwa. Ukilifikicha jani, harufu yake inapanda mpaka kichwani. Watu wa milimani wamelitumia tangu zamani kwa kikohozi, mafua na homa.

Ndugu yake yuko China. Huyo hana manyoya meupe ya kuonekana kwa macho. Ukimtazama harakaharaka utasema jani lake ni laini. Lakini jani hilo limejaa vifuko vidogo sana, vile tulivyovitaja hapo mwanzo. Kila kifuko kimejengwa kwa seli 10 tu, yaani chembe hai zisizoonekana ila kwa darubini. Ndani ya vifuko hivyo mmea hutengeneza artemisinini, ambayo ni dawa inayoua vijidudu vya malaria.

Mwanasayansi wa China, mama Tu Youyou, ndiye aliyeongoza kazi ya kuipata dawa hiyo. Alikuwa akisoma vitabu vya kale vya tiba vya nchi yake. Katika kitabu kimoja cha miaka zaidi ya 1,600 iliyopita aliona kwamba mganga wa zamani aliagiza mmea huo uloweshwe katika maji na kukamuliwa. Hakusema uchemshwe. Mama Tu akatambua kwamba moto ndio ulioharibu nguvu ya dawa katika majaribio ya awali. Akatumia njia isiyohitaji joto kali, na mwaka 1972 dawa yenyewe ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Dawa mseto inayotolewa katika zahanati zetu ina kitu kilichotengenezwa kutokana na artemisinini hiyo. Tanzania Bara ilianza kuitumia mwaka 2006 kuwa dawa ya kwanza ya malaria ya kawaida. Mmea wa Kichina nao umelimwa hapa nchini, kwa ajili ya viwanda vya dawa.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, ndugu msomaji. Mtu amesikia kwamba dawa ya malaria imetoka kwenye pakanga. Anakwenda mlimani, anachuma pakanga ya kwetu yenye manyoya ya kijivu, anaichemsha na kumnywesha mtoto. Kwanza, pakanga ya kwetu haina artemisinini ya kutosha kutibu. Pili, hata kama angepata ile ya China, ameichemsha. Tatu, hata asingeichemsha, hajui ndani ya kikombe mna dawa kiasi gani. Dawa ikiwa pungufu huua vijidudu dhaifu na kuwaacha wenye nguvu. Homa hushuka siku mbili, mama anafurahi, kisha inarudi ikiwa kali zaidi. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2012, na likarudia mwaka 2019, kwamba halipendekezi chai au unga wa mmea huo kwa kutibu malaria.

Mtoto chini ya miaka 5 akipata homa, afikishwe zahanati siku hiyohiyo, isipite siku ya pili. Atatobolewa kidole, tone moja la damu litapimwa, na jibu hupatikana kwa muda mfupi. Akikutwa na malaria atapewa dawa mseto kwa uzito wake, mara 6 kwa siku 3. Dawa yote imalizwe, hata kama anacheza na kucheka siku ya pili.

UTUPA NA WENZAKE

Utupa wavuvi wanaujua. Ni kichaka kirefu, na jani lake limeundwa na vijani vingi vilivyopangwa wawiliwawili, kama jani la mkunde uliorefuka. Mmea mzima una malaika laini, na mfuko wake wa mbegu, ulio kama wa maharage, umevikwa manyoya kama kitambaa cha mahameli. Maua ni meupe au ya zambarau. Ukiupapasa utapenda kuupapasa tena.

Ndani ya majani yake mna rotenoni. Majani yakipondwa na kutiwa mtoni, samaki hushindwa kutumia hewa na huelea juu ya maji. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa sumu, na mwenye kuvua hivyo huua hata vifaranga vya samaki ambavyo vingemlisha mwakani. Wakulima hutumia utupa kwa namna nyingine: kuzuia wadudu ghalani na kurutubisha udongo. Hiyo ni kazi yake nzuri. Lakini majani ya utupa yaliyokaushwa yasiwekwe jikoni wala karibu na majani ya chai. Yakikauka hayana sura tena, na mtu wa pili ndani ya nyumba hajui ni nini. Uyahifadhi mbali, kwenye chombo kisichotumika kwa chakula.

Kivumbasi tumekwisha kukitaja. Kitambue kwa shina lake. Lipitishe kati ya vidole, utasikia pembe nne, kama penseli ya mraba. Majani yake hayapishani, bali yanatazamana mawili mawili. Mimea ya ukoo wa mrehani ina tabia hiyo. Ndulele haina. Kinongo hakina. Kwa hiyo hata gizani vidole vyako vinaweza kukuambia jambo. Watu hukitumia kivumbasi kufukuzia mbu, na moshi wake husaidia kidogo, lakini hauwezi kushika nafasi ya chandarua chenye dawa.

Juu ya upupu hatuna haja ya kusema mengi. Yeyote aliyeugusa anaukumbuka. Manyoya ya dhahabu yaliyo kwenye mfuko wake wa mbegu huchoma ngozi kama sindano ndogo na kuacha ndani yake kitu kinachowasha. Aliyeguswa asijikune, kwa maana kujikuna huyasukuma ndani zaidi. Avue nguo polepole, na aoshwe kwa maji mengi bila kusuguliwa. Yakiingia jichoni, lisuuzwe kwa maji safi mara moja, na mgonjwa aende zahanati.

IKIWA MTOTO AMEKWISHA KUNYWA

Usingoje uone kama atapona. Mtazame mdomoni, toa vipande vilivyobaki, msuuze kinywa kwa maji. Usimtapishe kwa nguvu. Usimtie vidole kooni, wala usimpe maji ya chumvi, maziwa au mafuta ili "kukata sumu". Mtoto anayesinzia akitapishwa, matapishi huweza kuingia kwenye mapafu, na hapo umeongeza ugonjwa wa pili. Akiwa analegea, mlaze ubavu. Mpeleke zahanati upesi.

Kisha fanya jambo ambalo watu wengi husahau: uuchukue mmea wenyewe. Usichukue jani moja. Chukua tawi zima, na tunda kama lipo, na yale majani yaliyobaki chunguni. Mwambie mganga wa zahanati ukweli wote: mtoto amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi. Wazazi wengine huficha kwa kuona haya. Mganga hakuulizi ili akugombeze. Anakuuliza kwa sababu sumu ya ndulele na homa kali ya malaria zote mbili humfanya mtoto atapike na alegee, na matibabu yake si mamoja.

KITABU CHA MAJANI CHA KIJIJI

Wanaojua mimea kijijini ni wazee, na wengi wao hawakuandika. Tiba ya asili si jambo la kufichwa. Kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na leo ni Taasisi ya Tiba Asilia ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Iko pia Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Nako Arusha kuna hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, ambamo kila mmea umebandikwa kwenye karatasi na kuandikwa ulikotoka.

Wewe pia unaweza kufanya hivyo, na sasa unajua kusoma na kuandika. Mwombe bibi au mzee anayejua akuonyeshe mmea mchana, siku ambayo hakuna mgonjwa. Kata tawi lenye majani, maua na, ikiwezekana, tunda. Ulilaze ndani ya gazeti hili ukimaliza kulisoma. Geuza jani moja, ili upande wa chini wenye manyoya uonekane. Funika kwa gazeti jingine, weka ubao juu, na juu ya ubao weka jiwe. Badilisha gazeti kila siku likiwa na unyevu, mpaka mmea ukauke kabisa. Kisha ushone kwa uzi kwenye karatasi ngumu, kama ile ya jalada la daftari.

Chini yake andika jina la kikwenu, na jina la Kiswahili ukilijua. Andika mahali ulipoota na tarehe. Andika kimo chake, kwa kuwa karatasi haionyeshi kimo. Andika kama majani yanapishana au yanatazamana, kama shina ni la duara au la pembe nne, na kama lina miiba. Andika anayeutumia huutumia kwa nini, na ni sehemu gani isiyotumiwa kamwe. Harufu na rangi ya ua uziandike mmea ungali mbichi, kwa maana ndani ya wiki moja ua la zambarau la ndulele litakuwa kahawia, na harufu itakuwa ya gazeti.